Landrover 109 ya jeshi ya marehemu mzee: nianzie wapi, na injini niibakize au niweke ya Toyota?

Mwana_Kihonda

Wakuu habari za wikiendi. Naomba msaada wenu manake hapa nyumbani kila mtu ana lake.

Marehemu mzee alinunua Landrover 109 kwenye mnada wa magari chakavu ya jeshi, mwanzoni mwa miaka ya tisini huko. Akawa anabebea mahindi na mchanga, na siku ya msiba inabeba mtaa mzima. Mwaka 2011 ikamzimia njiani, akaivuta kwa trekta la jirani mpaka chini ya mwembe akasema ataishughulikia kesho. Kesho yenyewe haikufika mpaka mwenyewe katangulia mbele ya haki.

Hali yake sasa hivi: turubai lilishaoza zamani ila vyuma vyake vipo. Tairi zote chini, moja mchwa wameshajenga. Saa za dashibodi ziko mbele ya dereva, sio katikati, grili ya mbele ya plastiki imevunjika nusu. Taa kubwa ziko kwenye madigadi. Katikati ya viti vya mbele kuna sanduku la betri mbili, alteneta yake ni dude kubwa sijawahi kuona, na nyaya za plagi zimevikwa chuma cha kusuka kama lile bomba la bafuni. Nyuma kabisa huku chini kuna kataa kadogo kanaangalia difu badala ya kuangalia barabara, sijui nani aliweka na kwa nini. Kiti cha abiria kuna kuku anatamia na mama kasema asiguswe.

Injini ni petroli. Nimejaribu kuzungusha kwa hendeli haitikisiki hata kidogo.

Sasa baba mdogo anasema ng'oa hiyo injini weka ya Toyota, ile ya dizeli inayoitwa 3L, umalize. Fundi mmoja wa hapa mtaani kaja kaiangalia dakika mbili kasema iuze kwa kilo, vyuma chakavu wanachukua leo leo. Mimi nataka iwake na iwe kama ilivyokuwa. Sina haraka, nina Jumamosi zangu, jeki, seti moja ya spana, na jirani ana mashine ya kuchomelea. Hela inakuja kidogo kidogo. Nianzie wapi? Na nilikuwa nawaza niipake rangi kwanza ili mama aone kuna kinachofanyika asije akakubali ile ya kilo.

FundiMstaafu

Mdogo wangu kwanza pole kwa msiba hata kama ni wa siku nyingi.

Pili weka chini hilo kopo la rangi. Nimeona Landrover nyingi zimepakwa zikang'aa halafu mwaka wa pili zinakatika mgongo. Watu wanasema Landrover haishiki kutu, ni kweli nusu. Bati la nje ni aluminiamu ndio maana limekaa chini ya mwembe miaka yote hiyo na bado lina umbo. Lakini chesisi ni chuma, na ule ukuta wa mbele unaotenganisha injini na miguu yako ni chuma, na hapo aluminiamu inapogusana na chuma pakiingia maji panaliwa haraka kuliko sehemu nyingine zote. Na wewe umeipaki chini ya mti, majani yameoza kila kona, unyevu umekaa.

Kwa hiyo Jumamosi ya kwanza chukua nyundo ndogo, brashi ya waya na tochi, lala chini. Gonga chesisi kuanzia mbele mpaka nyuma, pole pole, kila sentimita kumi. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kama unagonga boksi la karatasi, na pengine nyundo inaingia. Gonga sana yale masikio ya pembeni yanayotoka kwenye chesisi kubeba bodi, gonga ile boriti ya mwisho kabisa nyuma inayobeba ndoano ya kuvutia, gonga juu ya pale springi za nyuma zinaposhika. Kisha panda juu ukague sakafu ya miguu ya dereva pale kwenye kona. Kila ulipopata pabovu zungushia chaki. Ukimaliza hesabu chaki zako, hapo ndo utajua una gari au una vyuma vya kilo.

Usikubali mtu akubandikie bati juu ya bati bovu. Kata mpaka ufike kwenye chuma kizima kinachong'aa, ndo uchomelee kipande kipya, unene kama wa chenyewe, si bati la mabanda. Toa tangi la mafuta na nyaya za betri kabla mwenye mashine hajawasha, nimeshazika mtu kwa hilo.

Injini iliyoganda usiilazimishe. Toa plagi zote nne, kila tundu mimina vijiko kadhaa vya mafuta ya gia boksi otomatiki ukichanganya na mafuta ya taa, nusu kwa nusu, acha wiki nzima. Jumamosi inayofuata weka gia huru, hendeli, jaribu kwa mkono tu mbele na nyuma kidogo kidogo. Hamna kitu? Mimina tena, kalime. Mimi iliwahi kunichukua wiki tano, ya sita nikasikia "tik" nikajua tumepona. Akija kijana na bomba la futi sita la kuongezea urefu wa hendeli mfukuze.

Kwa ulivyoeleza, dashibodi mbele ya dereva na grili ya plastiki, hiyo ni Series III, zilianza 1971. Gia zote nne za mbele zina sinkronaiza (kile kinachofanya gia iingie laini), afadhali kuliko zile za kabla yake ambazo kutoka moja kwenda mbili lazima ukanyage klachi mara mbili.

Mkweche109

Mzee shikamoo, ila mimi nipo upande wa baba mdogo hapa. Hiyo injini ya petroli ya cc 2286 inakunywa jamani, ukipata kilomita tano na nusu kwa lita shukuru Mungu, na mlima unapanda na gia ya pili huku bodaboda wanakupita wanakuangalia kwa huruma. Mimi yangu niliweka Toyota 3L miaka sita iliyopita, spea kila kona, fundi yeyote anaijua, nakwenda Iringa narudi. Mambo ya kuzungusha hendeli wiki tano mimi sina huo umri. Uasili uasili, nani anakuja kuiangalia uasili wake hapo Kihonda, Morogoro?

Binti_Gereji

Mkweche109 kaka yangu umesema kweli yote isipokuwa bei. Hebu mwambie na zile ulizolipa baada ya injini: pleti ya kuunganishia injini na gia boksi ya Landrover uliitoa kwa mkereza gani na kwa shilingi ngapi, na maunti, na egzosi mpya, na rejeta ilibidi usogeze, na propela shafti. Wateja wa hivyo nawapokea kila mwezi, anakuja na injini aliyouziwa bei ya kutupa, gari inatoka gereji bei imezidi mara tatu. Na namba ya injini ipo kwenye kadi, ukibadili unatakiwa ukarekebishe TRA, wengi wanaliruka hilo mpaka siku wanataka kuuza ndo wanakuja kulia.

Halafu kuna difu. Mwana_Kihonda, ingia chini uangalie difu ya nyuma. Ukiona ina kifuniko kikubwa cha bolti kwa upande wa nyuma hiyo ni Salisbury, walianza kuziweka kwenye 109 kwenye 1972 hivi, hiyo ni difu ya mwanaume, itabeba hata injini kubwa. Ukiona mgongo wake ni laini hauna kifuniko cha bolti, hiyo ni ile ya zamani na shafti zake zinakatika hata kwa injini yake yenyewe, sembuse dizeli ya Toyota na magunia kumi na tano ya mahindi.

Mimi ningeibakiza. Si kwa mapenzi, kwa sababu hiyo injini haina kitu. Haina kompyuta, haina sensa, haina mkanda wa taimingi, inatumia cheni. Kabureta moja, pointi, koili, basi. Kijana wa chuo cha ufundi mwaka wa kwanza anaimaliza akiwa na subira. Na hujaifungua, unaing'oaje kabla hujajua inaumwa nini? Inawezekana ilizima 2011 kwa pointi kuungua tu, na kuganda ni kwa sababu ya kukaa.

La muhimu zaidi, na sijaona mtu kaligusa: GARI YAKO NI VOLTI 24. Betri mbili, alteneta dude, nyaya za plagi za bomba la bafuni, hiyo ilikuwa ya kubebea redio za mawasiliano. Ile chuma kwenye nyaya ni kuzuia moto wa plagi usilete kelele kwenye redio. Fundi umeme wa kawaida akija akaona petroli anajua ni 12 moja kwa moja. Mwaka juzi nilileta ya namna hiyo gereji, kijana wangu akafunga koili ya 12, tukawasha vizuri tu tunapigiana makofi, dakika kumi koili imevimba inavuja mafuta kama andazi.

Watu watakwambia badilisha yote iwe 12. Hesabu kwanza: staata, alteneta, koili, mota ya waipa, geji, balbu zote. Mimi nasema baki na 24 kwa sababu moja ya kijinga: malori. Fuso, Scania, zote ni 24, balbu, flasha, rilei na hata betri unazikuta kila duka la spea za malori hapo Msamvu. Kinachosumbua ni plagi na nyaya zake za chuma, hizo kuzipata ni kazi na bei yake utakaa chini. Zikifa, disitibyuta ya kawaida ya injini hiyo inaingia palepale, na plagi za kawaida, hakikisha tu koili ni ya 24. Redio za jeshi huna, kelele itakuwa ya nani.

Na ukitaka kuchaji simu au kuweka muziki usikubali fundi redio achukue 12 kwenye betri moja kati ya zile mbili. Nilifanyiwa hivyo kwenye gari yangu mwenyewe. Betri moja ikawa inanyonywa haishibi, ya pili inashiba mpaka inachemka, miezi minne nimezika zote mbili. Kuna kidude cha kushusha 24 kuwa 12, madereva wa malori wanavyo, nunua hicho.

Mkweche109

Dada umenishika pabaya 😂 pleti niliitengeneza mara mbili, ya kwanza ilikuwa imepishana milimita moja ikala beringi ya klachi. Na shafti ya nyuma nimekata tatu. Ila sijutii!!

LandiYaThika

Niaje wadau, nawasoma kutoka huku Kenya. Mimi niko na Landi 109 pia, ya petroli, yangu iliungwa hapa hapa Thika enzi za Leyland, nimekaa nayo tangu 2009 na bibi yangu anasema nimeoa wawili.

Nakuongezea jambo moja tu lakini ndilo karibu liniue. Breki. Mimi nilifanya makosa, injini ilishika moto vizuri nikasisimka, nikaitoa nje ya geti kwenda kuonyesha majirani. Kwetu kuna mteremko. Nikakanyaga breki mara ya kwanza ikashika, mara ya pili pedali ikaenda mpaka sakafuni laini kama uji. Nilisimamishwa na ua la mzee mmoja na mti wake wa parachichi, na huyo mzee mpaka leo akinipata kwa duka ananiuliza "umetengeneza?" Raba za masta silinda (pampu kuu ya breki) zilikuwa zimekauka miaka mingi, zikapata kazi ya ghafla zikapinduka.

Kwa hivyo breki kabla ya moto. Masta silinda mpya, wili silinda (zile ndogo za kwenye magurudumu) mpya zote, hosi za raba zote, bila kujiuliza. Kumbuka 109 mbele iko na silinda mbili kila gurudumu, jumla ni sita gari yote, usinunue nne kama mimi. Mabomba ya chuma yakague pale yanapopita juu ya ekseli ya nyuma, vumbi na matope hukaa hapo.

Ukifungua dramu utakuta vumbi jeusi, usipulize na kompresa na usipulize na mdomo. Breki shuu za zamani zilikuwa na asbesto, hiyo kitu ikiingia kifuani haitoki. Mwagia maji ya sabuni, panguza na kitambaa, kitambaa tupa.

Kutoa hewa kwa hizi breki kunaudhi, utapampu mpaka mguu ufe na pedali bado ni sponji. Siri niliyopewa na fundi wa jua kali pale Kirinyaga Road: kabla hujatoa hewa kaza zile ajasta za kila gurudumu mpaka shuu ziume dramu na gurudumu lisizunguke kabisa. Sasa toa hewa, anza gurudumu la mbali na masta silinda. Pedali ikiwa ngumu ndio ulegeze ajasta mpaka gurudumu lizunguke huru na kukwaruza kidogo tu. Ajasta zako zitakuwa zimeshikana na kutu, nyunyizia mafuta ya kulegeza siku tatu mfululizo, ukivunja moja utaanza kutafuta pleti nzima ya nyuma ya dramu na hapo ndio utanikumbuka.

Lingine, yale mapira makubwa ya chuma nyuma ya magurudumu ya mbele. Yakipata mabaka ya kutu yanakula sili na mafuta yote yanamwagika ndani ya dramu, breki zinaisha tena. Kitabu kinasema weka oili ya EP90, nusu lita kila upande. Mimi yangu yana mabaka na sina pesa ya mapya, nimejaza grisi nyepesi na inakaa. Wenye kitabu wasinipige.

FundiMstaafu

Hakuna wa kukupiga ndugu, ila grisi ile nzito haifiki kwenye bushi ya juu, uwe unafungua kukagua. Na kama gari ina zile habu za mbele za kufunga kwa mkono (zinazounganisha magurudumu na ekseli), zifunge mara moja moja utembee kilomita chache hata kama barabara ni kavu, vinginevyo mafuta hayapandi huko ndani.

Nduguyenu_Coventry

Salaam kutoka Uingereza, nipo jirani kabisa na Solihull zilikokuwa zinatengenezwa hizi gari, na mimi ni mgonjwa wa ugonjwa huo huo.

Hako kataa kanakoangalia difu usikatoe!! Hiyo ndo alama ya jeshi kabisa. Ni taa ya msafara. Usiku gari zikitembea kwa kufuatana bila kuwasha taa ili adui asiwaone kutoka juu, kataa kanamulika chini ya gari tu, na difu ilikuwa inapakwa rangi nyeupe, dereva wa nyuma anafuata lile doa jeupe. Kwangura tope kwenye difu yako taratibu utaona kama kuna weupe umebaki.

Spea huku zipo mpaka za kuchagua, magari haya yana wazee wao wanaoyapenda kuliko wake zao. Lakini angalieni sana vya raba vya bei chee, hosi za breki na raba za silinda na bushi, kuna vinavyokuja kwenye mfuko mzuri kabisa na vinapasuka ndani ya mwaka mmoja. Ukiagiza kitu huku agiza vile vidogo vinavyobebeka kwenye sanduku la mtu anayekuja likizo: gasketi seti, raba za breki, pointi, ile oringi ya ndani ya kabureta. Vyuma vizito tafuteni huko huko, Arusha kumejaa Landrover zimekufa, wale waliokuja kwenye tamasha la Landrover Oktoba 2024 walijionea wenyewe.

Kabureta ikiwa ni Zenith, na kwa mwaka huo nadhani ndiyo, ina ugonjwa wake wa kuzaliwa. Kile kifuniko cha juu kinapinda kwa joto na kwa kukazwa kupita kiasi, petroli inapita sipo, injini haitulii ukiwa umesimama na ukiwa mwendoni inakosa nguvu. Tandika msasa laini juu ya kioo cha dirisha, sugua uso wa kifuniko kwa mzunguko kama unasaga kungumanga mpaka alama za msasa zienee uso mzima bila kuacha kivuli. Badili oringi. Rudisha, kaza screw kwa kupishana na kwa mkono mwepesi.

Na spana zako. Kama ni seti ya milimita utalia. Nati nyingi za hiyo gari ni inchi. 19 inaingia kwenye robo tatu safi kabisa. 13 kwenye nusu inchi inakubali ila inacheza kidogo. Lakini kwenye 9/16 namba 14 haiingii na 15 inazunguka, na hapo ndipo watu wanapokula vichwa vya nati halafu wanakuja na patasi. Kanunue seti ya inchi hata ya mtumba, ndiyo iwe hela yako ya kwanza kabla ya spea yoyote.

Binti_Gereji

Hilo la spana liandikwe kwa wino mwekundu.

Na la rangi, mkuu, usirudishie kijani cha jeshi kile kisichong'aa, na ukikuta namba za JW chini ya rangi usizichore upya hata kama unaona zinapendeza. Mnakumbuka Agosti 2023 JWTZ walivyowapa raia siku saba wasalimishe mavazi ya jeshi. Ile ilikuwa ya nguo, lakini mimi sitaki kuelezana na askari wa MP (polisi wa jeshi) barabarani saa mbili usiku kuhusu historia ya Landrover. Angalia kadi inasema rangi gani, paka hiyo, au badili kihalali.

Mwana_Kihonda

Wakuu sina cha kuwalipa. Nimekaa kimya siku hizi zote kwa sababu nilikuwa chini ya gari.

Nyundo: chaki kumi na moja. Sikio moja la pembeni upande wa dereva nyundo imeingia mpaka kwenye mpini. Boriti ya nyuma imeliwa kona zote mbili. Chesisi yenyewe ndefu zile mbili zinalia, sehemu moja tu juu ya springi ya nyuma kushoto ndo inajibu boksi. Sakafu ya dereva unaona majani ya chini. Jirani wa kuchomelea kasema wikiendi nne, na kasema mwenyewe nitoe tangi kwanza, kwa hiyo mzee FundiMstaafu huyo naye amezika mtu nadhani.

Difu ya nyuma ina kifuniko na bolti kumi, nimezihesabu. Salisbury! Na nilipokwangua tope nikakuta weupe. Nilikaa pale chini nimeangalia hilo doa muda mrefu tu. Mzee aliendesha gari hii karibu miaka ishirini na sidhani kama aliwahi kujua kataa kale ni ka nini, alikuwa anakaita taa ya panya.

Spana za inchi nimepata za mtumba Sabasaba, seti haijakamilika ila zilizopo ni nzima.

Injini bado. Nimemimina mara mbili, silinda tatu zinanyonya mafuta yanaisha, ile ya nne kutoka mbele yanakaa tu yananiangalia. Hiyo ni dalili gani?

FundiMstaafu

Hiyo ya nne huenda ndiyo imeshika, ringi zimegandana na ukuta ndio maana mafuta hayashuki. Tatu zilizobaki huenda ziko huru au karibu. Habari njema hiyo, si mbaya. Yanyonye yale ya zamani na sirinji, weka mapya, na safari hii gonga kidogo juu ya pistoni kupitia tundu la plagi kwa kijiti cha mninga, kijiti, si chuma, ukigonga kama unabisha hodi kwa mkwe.

Ikigoma mpaka mwezi ujao fungua silinda hedi, hakuna namna, na si kazi kubwa. Ukifika hapo utapanga tapeti (nafasi za valvu) mwenyewe, nakuachia kabisa nisije nikasahau: nafasi ni milimita 0.25 valvu zote nane, inteki na egzosi sawasawa. Zihesabu kuanzia mbele, moja mpaka nane. Zungusha injini kwa hendeli, ukiona namba nane imebanwa chini kabisa, pima namba moja. Saba ikibanwa pima mbili, sita pima tatu. Yaani namba ya iliyobanwa na ya unayopima zikijumlishwa lazima ziwe tisa. Wala huhitaji kitabu.

Halafu kabla ya kuwasha siku hiyo, mwaga oili yote ya zamani, weka mpya, lita sita na kidogo za filta, zungusha bila plagi mpaka saa ya presha ya oili inyanyuke. Ndipo urudishe plagi. Mpangilio wa silinda kupokea moto wa plagi ni 1-3-4-2, andika kwa chaki kwenye ukuta.

LandiYaThika

Na usiitoe nje ya geti 😂

Mwana_Kihonda

Haitoki hahaha. Mama kaniuliza jana hiyo rangi lini, nikamwambia breki kwanza, akasema "baba yako naye alikuwa anasema hivyo hivyo."

Hodi kwa mkwe nimeipenda, kesho asubuhi. Viti nilitaka nivitoe wiki hii nikavishone ila cha abiria kimebaki siku nane kuku aangue, kwa hiyo naanza na cha dereva.